Ugonjwa wa akili na sheria ya Kiislamu: nani anayeamua kwamba kalamu imeinuliwa?

Tarehe 10 Februari 2021, Mahakama ya Juu Kabisa ya Pakistan iliwaondolea adhabu ya kifo wafungwa wawili, Kanizan Bibi na Imdad Ali. Wote wawili walikuwa wamekaa gerezani kwa miaka mingi, huku madaktari wakishuhudia kwamba wana skizofrenia, maradhi ya akili yanayoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo na kushikilia dhana zisizo na msingi wowote. Adhabu zao zilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha, na mahakama ikaamuru wahamishiwe katika hospitali ya magonjwa ya akili mjini Lahore ili watibiwe.

Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 2016, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imekataa kumnusuru Imdad Ali. Hoja yake ilikuwa kwamba skizofrenia si maradhi ya kudumu, bali huzidi na kupungua, na kwa hiyo haiwezi kila mara kuhesabiwa kuwa ugonjwa wa akili kwa maana ya sheria. Madaktari wa ndani na nje ya Pakistan waliipinga kauli hiyo, na utekelezaji wa hukumu ukasimamishwa.

Kesi hizo ziliendeshwa kwa sheria za nchi, ambazo kwa sehemu ni urithi wa Waingereza na kwa sehemu zimetokana na sheria ya Kiislamu. Hata hivyo, swali lililokuwa mbele ya majaji ni la kale kuliko dola ya Pakistan. Kwamba mwenye wazimu hahukumiwi kama mwenye akili timamu ni jambo ambalo madhehebu yote ya Kiislamu yanakubaliana. Ugumu huanza pale inapoulizwa: ni nani ajuaye kwamba akili imeondoka, imeondoka tangu lini na mpaka lini, na je, aliyeondokewa na akili amepoteza pia haki ya kusikilizwa?

Akili na wajibu

Neno akili limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na katika fiqhi ndiyo nguzo ya wajibu wote. Mtu hubebeshwa wajibu wa sala, saumu, mikataba na adhabu akiwa amebaleghe na ana akili. Likikosekana moja kati ya hayo mawili, wajibu huondoka. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliitaja akili miongoni mwa mambo matano ambayo sheria imekuja kuyalinda, pamoja na dini, nafsi, kizazi na mali.

Msingi mkuu wa hukumu hii ni hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Tirmidhi na wengineo. Ndani yake Mtume Muhammad anaeleza kwamba wapo watu watatu ambao kalamu ya kuandika makosa haiwaandiki: mtoto ambaye hajabaleghe, aliyemo usingizini, na mwenye wazimu kwa muda wote ambao akili haijamrudia.

Hadithi hiyo ilitumika mapema kuokoa maisha. Imepokewa kwamba wakati wa ukhalifa wa Umar bin Khattab, mwanamke mmoja mwenye wazimu alihukumiwa kupigwa mawe kwa kosa la zinaa. Ali bin Abi Talib alipokutana na watu wakimpeleka, aliwazuia, akarudi kwa Khalifa na kumkumbusha habari ya kalamu iliyoinuliwa. Umar aliikubali hoja hiyo na mwanamke huyo akaachiwa.

Tukio jingine linahusu ushahidi wenyewe. Maiz bin Malik alipofika kwa Mtume na kukiri zinaa, Mtume aliuliza kwanza kama mtu huyo ana wazimu. Katika moja ya mapokezi, alituma ujumbe kwa jamaa zake ili kupata habari za akili yake. Maulamaa walichukua kutoka hapo kwamba hali ya akili ya mshitakiwa ni jambo la kuchunguzwa na hakimu kabla ya hukumu, kwa kuwauliza wale wanaomjua, na wala haisubiriwi mpaka mshitakiwa mwenyewe aitaje.

Wazimu wa kudumu na wa vipindi

Wanazuoni wa fiqhi hawakuuchukulia wazimu kuwa hali moja tu. Waliutofautisha wazimu unaoendelea bila ya kukatika na ule unaokuja na kuondoka. Mwenye wazimu wa vipindi huhesabiwa kuwa mwenye akili kamili katika siku anazokuwa na nafuu: mauzo yake hupita, ndoa yake husihi, na akikosa hujibu. Katika siku za maradhi, maneno yake hayafungi kitu.

Wanazuoni wa Hanafi waliongeza daraja nyingine, ya mtu ambaye hakurukwa na akili lakini ufahamu wake ni mchache, maneno yake yanachanganyika na mipango yake haina utaratibu. Huyo walimlinganisha na mtoto aliyefikia umri wa kupambanua: jambo la manufaa matupu kwake, kama kupokea zawadi, hupita, jambo la hasara tupu halipiti, na lile linaloweza kuwa la faida au la hasara husubiri idhini ya msimamizi wake. Mgawanyo huo uliingizwa katika Majalla, kanuni ya sheria za madai iliyotungwa na dola ya Uthmaniya kati ya mwaka 1869 na 1876.

Ikumbukwe pia kwamba ubadhirifu si wazimu. Mtu anayetapanya mali yake huku akili yake ikiwa timamu ana hukumu zake mbali, na kumwita mwendawazimu kwa sababu tu familia haikupendezwa na matumizi yake ni kuchanganya milango miwili ya sheria.

Kutokana na hayo, hoja ya Mahakama ya Pakistan ya mwaka 2016 ingelimshangaza mwanafiqhi wa zama za kati. Kwake yeye, maradhi kuja na kuondoka hakukuyaondolea jina la wazimu. Kulimlazimu hakimu kuuliza swali la pili, nalo ni la tarehe: siku ya tendo, mtu huyu alikuwa katika hali gani?

Mali, ndoa na talaka

Katika maisha ya kila siku, hukumu hizi huwagusa watu wengi zaidi kupitia mali na ndoa kuliko kupitia kesi za mauaji. Aliyepatwa na wazimu huzuiliwa kuitumia mali yake mwenyewe, na zuio hilo lengo lake ni kumlinda. Qur'ani, katika sura ya Nisaa aya ya 5, inakataza kuwakabidhi mali wasioweza kuiendesha, lakini papo hapo inaamuru walishwe na kuvishwa kutokana na mali hiyo, na waambiwe maneno mema.

Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani ya Afrika Mashariki, msimamizi wa mali ya mtu huyo ni baba yake, kisha babu wa upande wa baba, kisha yule aliyeusiwa nao, na mwisho kadhi. Msimamizi hana ruhusa ya kuiuza mali hiyo ila kwa maslahi ya mwenyewe, na akili ikirudi zuio huondoka. Mgonjwa hurithi fungu lake kamili kama warithi wengine. Mali yake hutolewa zaka kwa kauli ya Shafii, ilhali Hanafi hawaioni zaka hiyo kuwa ni wajibu. Akiharibu kitu cha mtu, fidia hutoka katika mali yake, kwa kuwa kuinuliwa kwa kalamu kunamwondolea dhambi lakini hakumwondolei jirani haki yake.

Upande wa ndoa, Maliki, Shafii na Hanbali wanauona wazimu kuwa ni aibu inayompa kila mmoja wa wanandoa haki ya kudai ndoa ivunjwe. Abu Hanifa hakuikubali kauli hiyo, ingawa mwanafunzi wake, Muhammad al-Shaybani, alimpa mke haki hiyo. Nyuma ya mjadala huo limo tatizo ambalo familia nyingi zinalijua: maradhi hufichwa wakati wa posa kwa kuogopa maneno ya watu, na mwenzi huyagundua baada ya harusi. Aliyefichwa ana haki ya kudai, na mgonjwa naye huanza ndoa bila ya msaada ambao angeupata iwapo mwenzake angelijua ukweli.

Ama talaka, mwenye wazimu hana talaka kwa muda akili yake imeondoka. Hili lina uzito wa pekee kwa maradhi ambayo humfanya mtu apande kwa furaha na ukali usio na kiasi, kisha ashuke katika huzuni nzito. Mume aliye katika kilele cha maradhi hayo anaweza kutamka talaka tatu usiku mmoja na baada ya wiki chache asielewe alichokifanya. Kadhi anayeletewa kesi kama hiyo hatosheki na barua isemayo kwamba mtu huyo ana ugonjwa wa akili. Anachohitaji ni kujua hali yake usiku ule: alilazwa lini, alikuwa ameacha dawa tangu lini, na walioishi naye waliona nini. Talaka hiyo ikihesabiwa kimakosa kuwa imepita, mke atafukuzwa katika ndoa halali. Na ikihesabiwa kimakosa kuwa haikupita, atarejeshwa katika nyumba ambayo si yake tena.

Jinai

Katika makosa ya jinai, mwenye wazimu hasimamishiwi adhabu za hadi wala kisasi. Akiua, huja suala la diya, na madhehebu yametofautiana juu ya nani ailipe, yeye katika mali yake au jamaa zake wa kiumeni. Maneno ya kuritadi au ya kufuru yaliyotamkwa na mtu asiye na akili hayana hukumu. Jambo hili si la vitabuni tu, kwani katika nchi zenye sheria kali za kukashifu dini, miongoni mwa washitakiwa wamekuwamo watu wenye maradhi ya akili.

Palipo na hitilafu kubwa ni pale mtu anapotenda kosa akiwa timamu, kisha akapatwa na wazimu kabla ya adhabu. Wako waliosema adhabu icheleweshwe mpaka apone, na wako walioruhusu kisasi kitekelezwe kwa kuwa haki ya walioondokewa imekwisha thibiti. Kwa adhabu iliyotokana na kukiri, wengi walitaka kusubiri, kwa sababu aliyekiri ana haki ya kuirudi kauli yake na mwenye wazimu hawezi kuitumia haki hiyo.

Maristani

Inafaa kuuliza iwapo mahakimu hao walikuwa na madaktari wa kuwategemea. Kwa kiasi cha elimu ya zama zao, walikuwa nao. Ahmad bin Tulun, mtawala wa Misri, alijenga hospitali huko Fustat, sehemu ya Cairo ya leo, karibu na mwaka 872, na ndani yake mlikuwa na mahali pa wagonjwa wa akili. Inasimuliwa kwamba alikuwa akiitembelea kila wiki, mpaka siku moja mgonjwa alipomwomba komamanga, akapewa, kisha akamrushia nalo. Tangu hapo mtawala hakurudi.

Hospitali kama hizo ziliitwa bimaristani au maristani, na ziligharamiwa kwa mali za wakfu. Nuruddin Zengi alijenga ya Damascus mwaka 1154, Sultani Qalawun ya Cairo mwaka 1284, na Sultani Bayezid wa Pili ya Edirne, nchini Uturuki, iliyokamilika mwaka 1488. Msafiri Evliya Çelebi, aliyeandika katika karne ya 17, ameeleza jinsi wagonjwa wa Edirne walivyotulizwa kwa muziki. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila kitu kilikuwa upole, kwani minyororo ilitumika pia. Katika Kiarabu cha baadhi ya miji, neno maristani liliishia kuwa na maana ya nyumba ya vichaa tu.

Elimu nayo ilikuwapo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, ambamo aliitofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni isiyo na sababu ya wazi, na akaeleza kwamba maradhi ya mwili na ya nafsi huathiriana. Mwanasaikolojia wa Sudan, Malik Badri, aliyeishi kati ya mwaka 1932 na 2021, ndiye aliyeitafsiri sehemu ya nafsi ya kitabu hicho kwa Kiingereza na kuwafanya wasomaji wa leo waitambue.

Jini au maradhi?

Waislamu wanaamini kwamba majini wapo, kwa kuwa Qur'ani imewataja. Kama jini anaweza kuingia katika mwili wa binadamu ni suala lililojadiliwa tangu zamani: Ibn Taymiyya alilithibitisha, na kundi la Mu'tazila lililikataa. Katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki, mgonjwa wa akili aghalabu hufikishwa kwanza kwa shehe au mganga. Husomewa, hupewa kombe anywe, hufungwa hirizi, na hospitali huja baadaye, pengine baada ya miaka.

Kisheria, kuamini majini hakufungi mlango wa hospitali. Zipo hadithi zinazoamuru watu wajitibu, na zinazoeleza kwamba kila maradhi yameteremshiwa dawa yake. Kisomo na dawa havipingani, na mashehe wengi husema hivyo. Daktari Tigani al-Mahi wa Sudan, aliyefariki mwaka 1970 na anayetajwa kuwa baba wa taaluma ya magonjwa ya akili barani Afrika, alijulikana kwa kushirikiana na waganga wa jadi badala ya kupigana nao.

Madhara hutokea kisomo kinapogeuzwa kuwa gereza. Mwezi Septemba 2019, polisi wa Kaduna, kaskazini mwa Nigeria, waliwatoa mamia ya wavulana na wanaume katika nyumba iliyojiita chuo cha Kiislamu, baadhi yao wakiwa wamefungwa minyororo. Mwaka 2020, shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya kufungwa minyororo kwa wagonjwa wa akili katika nchi zipatazo 60, na ripoti hiyo ilihusu jamii za dini mbalimbali. Ndani ya fiqhi, atakayetafuta kibali cha kumfunga mgonjwa miaka kadhaa pasipo matibabu hatakipata kwa urahisi, kwa kuwa msimamizi amepewa madaraka kwa sharti la maslahi ya anayesimamiwa.

Ramadhani nayo huleta swali lake. Mgonjwa ameruhusiwa na Qur'ani kula, na ruhusa hiyo haikuwekewa mipaka ya maradhi ya mwili. Kwa anayetumia dawa ya lithiamu hatari ni ya hakika, kwa sababu mwili ukipungukiwa na maji kiwango cha dawa hiyo katika damu kinaweza kupanda mpaka kikadhuru. Kuacha dawa ghafla ili kufunga kunaweza pia kurudisha maradhi. Ushauri wa daktari unatakiwa kabla ya mwezi kuandama.

Sheria za Waingereza na sheria mpya

Ukoloni ulileta mfumo mwingine. Mwaka 1843, baada ya kesi ya Daniel M'Naghten, majaji wa Uingereza waliweka kanuni kwamba asiyejua anachokifanya, au asiyejua kuwa ni kosa, kwa sababu ya maradhi ya akili, hana hatia. Kanuni inayofanana nayo iliingia katika Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, ambayo Waingereza waliitumia pia Afrika Mashariki kabla ya kutungwa kanuni za huko. Ndiyo maana wakili wa Lahore na wa Mombasa hutumia hoja za aina moja. Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, iliyoanza mwaka 1910, ni ya zama hizo.

Nchi kadhaa zenye Waislamu wengi zimetunga sheria mpya tangu hapo. Pakistan iliiondoa sheria ya vichaa ya mwaka 1912 kwa amri ya mwaka 2001. Misri ilipitisha sheria namba 71 ya mwaka 2009, iliyoweka masharti na muda wa kumlaza mgonjwa bila ya ridhaa yake, na kuorodhesha haki zake. Saudi Arabia ilifuata mwaka 2014, Qatar mwaka 2016 na Falme za Kiarabu mwaka 2023.

Upo pia msimamo wa maulamaa wa leo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1992, liliamua kwamba ridhaa ya mgonjwa ni sharti la matibabu akiwa na uwezo kamili. Akiwa hana uwezo huo, huombwa ridhaa ya walii wake. Lakini walii akikataa matibabu, na kukataa kwake kukawa na madhara ya wazi kwa mgonjwa, kauli yake haizingatiwi na madaraka humtoka yakaenda kwa mwingine.

Kujiua na kujaribu kujiua ni uwanja mwingine wa mabadiliko. Uislamu unaharamisha kujiua, lakini wanazuoni walio wengi wanasema aliyejiua huoshwa na kusaliwa, na aliyefanya hivyo akiwa ameondokewa na akili anaingia katika hukumu ya kalamu iliyoinuliwa. Mwezi Desemba 2022, Pakistan iliifuta adhabu ya kujaribu kujiua. Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba.

Kadhi, hakimu na daktari

Katika Afrika Mashariki, sheria ya Kiislamu haihukumu jinai. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 170, inazipa mahakama za kadhi madaraka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale pande zote zinapokuwa za Waislamu na kukubali kuhukumiwa humo. Zanzibar ina mahakama zake za kadhi, chini ya sheria ya mwaka 2017. Tanzania Bara mambo ya ndoa huenda katika mahakama za kawaida, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hiyo inautaja ugonjwa wa akili kuwa moja ya dalili za ndoa kuvunjika, iwapo madaktari wasiopungua wawili, mmoja wao akiwa na ujuzi wa magonjwa ya akili, watathibitisha kwamba hakuna matumaini ya kupona.

Sharti hilo linafichua pengo. Hospitali za Kidongo Chekundu huko Unguja na Mirembe mjini Dodoma zinajulikana kwa kila mtu, lakini wilaya nyingi hazina daktari bingwa wa fani hiyo. Daktari akikosekana, ushahidi hubaki mikononi mwa jamaa, na jamaa ndio wenye maslahi katika nyumba, shamba au mirathi inayobishaniwa. Palipo na shamba la kugawana, neno mwendawazimu linaweza kuwa silaha. Qur'ani yenyewe inasimulia kwamba mitume waliitwa wendawazimu na wale waliochukizwa na maneno yao.

Kwa walioko ughaibuni sura ni nyingine. Katika England na Wales, sheria ya mwaka 2005 inamchukulia kila mtu mzima kuwa ana uwezo wa kuamua mpaka ithibitike vinginevyo, na uwezo hupimwa kwa uamuzi mmoja mmoja na kwa wakati wake. Mwanafiqhi aliyeandika juu ya wazimu wa vipindi asingeliona geni wazo hilo. Lakini mtoto mkubwa wa kiume, ambaye nyumbani angesimama moja kwa moja kuwa msemaji wa mzazi wake, huko hana madaraka hayo ila mzazi awe amemwandikia akiwa mzima, au mahakama imteue.

Sauti ya mgonjwa

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, umeongeza changamoto. Kifungu chake cha 12 kinataka watu wenye ulemavu, wakiwamo wenye ulemavu wa akili, watambuliwe kuwa na haki sawa mbele ya sheria. Kamati inayousimamia ilisema mwaka 2014 kwamba badala ya mtu kuamuliwa na mwingine, asaidiwe kuamua mwenyewe. Fiqhi, ambayo imejenga ulinzi wake juu ya usimamizi wa walii, haiwezi kuikubali kauli hiyo yote bila ya mjadala, na serikali nyingi zisizo za Kiislamu nazo hazijaikubali yote.

Hata hivyo, ndani ya mapokeo ya Kiislamu imo habari inayokaribiana nayo. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba mwanamke mmoja aliyekuwa akipatwa na kifafa alimwendea Mtume amwombee dua. Alipewa hiari: avumilie na apate Pepo, au aombewe apone. Alichagua kuvumilia, lakini akaomba asiwe anafunuka nguo anapoanguka, na akaombewa hilo. Aliulizwa yeye, na jibu lake ndilo lililofuatwa.

Huko Pakistan, mahakama haikusema kwamba kila mgonjwa wa akili aepushwe na kifo. Ilisema kwamba adhabu hiyo isitekelezwe iwapo jopo la wataalamu litathibitisha kuwa mfungwa, kwa maradhi yake, hawezi kuelewa kwa nini anaadhibiwa, na ikaagiza majopo hayo yaundwe. Hukumu iliyompeleka Kanizan Bibi katika orodha ya kunyongwa ilitolewa mwaka 1991. Ilimchukua miaka 30 kupata majaji waliolitazama swali la akili yake kwa ushahidi wa madaktari.